Bidoni yenye matundu: historia ya chambo hai, toka mgono mpaka kambini, na kurudi Mpala



Katika mazungumzo yetu ya ufukweni kuna swali linalorudi kila mara: mtu aliyerudi bila nyavu, bila taa na bila injini, aanze na kitu gani? Wengi wanajibu haraka: nyavu. Sisi tunaotembea kijiji kwa kijiji kwa kazi ya uwanjani tunataka kuleta jibu lingine, dogo sana, ambalo watu wanalipita bila kulitazama. Ni bidoni ya lita 20, ya plastiki, iliyotobolewa matundu kwa msumari wa moto. Inafungwa kwa kamba nyuma ya mtumbwi, inaelea, na ndani yake samaki wadogo wanaogelea wakiwa hai mpaka saa ya kuwatia kwenye ndoano.

Ni kitu cha kuchekesha mbele ya mtu mwenye mtumbwi wa taa na nyavu kubwa. Lakini historia yake ni ndefu kuliko proje yoyote iliyopita hapa kwetu. Tena historia ile inatufundisha mambo mawili: kwamba ufundi huu ni wetu, na kwamba ukitumiwa vibaya unaweza kumaliza samaki kuliko unavyolisha watu.

Ziwa refu, chumba kimoja tu cha kupumulia

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673, na kina chake kinafika kama mita 1,470. Nchi nne zinaligawana: Kongo yetu, Tanzania, Burundi na Zambia. Mtu akisikia kina hicho anafikiri samaki wamejaa mpaka chini. Hapana. Hewa ya oksijeni inaishia karibu mita 100 upande wa kaskazini, na kama mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo maji ni maiti, samaki hawezi kukaa. Kwa hiyo utajiri wote wa ziwa unaishi katika ngozi nyembamba ya juu, na sehemu kubwa ya watoto wa samaki inakulia kando, kwenye mawe, mchanga na majani, pale pale akina mama wanapochota maji.

Wavuvi wetu wanajua kwamba kuna samaki wanaokula wadudu wadogo wa maji, kama ndagala, na kuna wale wanaokula samaki wenzao. Hao wa pili ndio wa ndoano: mikebuka, sangala, nonzi, na kuhe, ambaye anahesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote wa ukoo wa tilapia duniani. Samaki wa namna hiyo anavutwa na kitu kinachotembea. Anaona mng'ao wa magamba, na ubavuni ana mstari wa kusikia mtikisiko wa maji. Chambo kilichokufa kinaning'inia tu kama kitambaa. Chambo hai kinamwita.

Shida iko hapa: chambo hai ni mali inayokufa haraka. Mvuvi anaweza kuamka saa kumi ya usiku, akapiga kasia mpaka mahali pazuri, akakuta samaki wake wote wadogo wamegeuka tumbo juu ndani ya beseni. Siku yake imekwisha kabla jua halijatoka. Tangu zamani, watu wa ziwa walikuwa wanatafuta dawa ya shida ile.

Mgono, ghala la kwanza

Wazungu wa kwanza kuandika habari za uvuvi wa ziwa hili walikuwa Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji mwezi wa pili mwaka 1858. Burton aliandika jinsi watu walivyotoka usiku na moto kwenye mitumbwi, samaki wakavutwa na mwanga, wakazolewa kwa nyavu za mkono. Aliona pia mitego na ndoano. Maana yake, karne moja kabla ya taa za karabai kuenea ziwani katika miaka ya 1950, akili ya kuvua kwa mwanga ilikuwa tayari ya wenyeji.

Kati ya vyombo vyote vya zamani, tunaomba mtazame mgono. Ni kikapu kirefu kilichosukwa kwa fito au matete, mdomo wake umegeuzwa kwenda ndani kama faneli. Samaki anaingia kwa urahisi, kutoka hajui. Watu wanasema mgono ni mtego, na ni kweli. Lakini mgono ni ghala pia. Samaki aliyeingia usiku anakaa ndani ya maji ya ziwa lenyewe, maji yanapita katikati ya fito, anapumua, anangoja. Mwenye mgono akichelewa mpaka mchana, anamkuta hai. Kabla ya barafu na kabla ya friji, hiyo ilikuwa njia ya hakika ya kulaza samaki bila kumwoza: mwache ndani ya maji yake, mzungushie ukuta wenye matundu.

Kanuni hiyo hiyo imegunduliwa mahali pengi. Wavuvi wa visiwa vya Maldives, katika Bahari ya Hindi, wanavua jodari kwa fimbo na chambo hai, na mashua yao ina chumba katikati chenye matundu chini, maji ya bahari yanaingia na kutoka huku samaki wadogo wakisafiri salama. Ulaya nako walijenga mashua zenye kisima ndani ili kuleta samaki hai sokoni. Katika Ziwa Victoria, wavuvi wa sangara wanaotumia kamba ndefu yenye ndoano nyingi wanatega kwa chambo hai, hasa watoto wa kambale, na huko Kenya na Uganda imekuwa biashara: wafugaji wa mabwawa wanazalisha watoto wa kambale kwa ajili ya kuwauzia wavuvi. Kambale amechaguliwa kwa sababu moja kubwa: ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, anastahimili ndoo chafu ambayo ingeua samaki mwingine kwa nusu saa.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba bidoni ya matundu ni ubunifu wa maskini tu, tumjibu kwa upole: ni mgono wa plastiki, na ndugu zake wako mpaka Maldives.

Mpala, mahali pa watu wa kufika

Kuna jambo lingine la historia ambalo warudishwa wa hapa wanapaswa kulijua, kwa sababu mara nyingine wanaitwa wageni katika kijiji cha baba zao.

Mpala hii, kwenye mdomo wa mto Lufuko, kusini mwa Kalemie njia ya Moba, ilipata jina lake kwa chifu Mpala. Mwezi wa tano mwaka 1883 Luteni Émile Storms, Mbelgiji wa ile Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya Mfalme Leopold II, alivuka toka Karema, ng'ambo ya pili, akafanya undugu wa damu na chifu huyo, akajenga boma. Hayakuwa mambo ya upole tu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1884 watu wa Storms walimuua chifu Lusinga, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 boma likakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, na mwaka 1887 akafika Kapiteni Léopold Joubert kulinda misioni na vijiji vya kando dhidi ya wateka watumwa.

Kwa nini tunaleta habari hizi katika maelezo ya bidoni? Kwa sababu watu waliokuja kuishi kando ya misioni ile wengi walikuwa watu waliopoteza kwao: watumwa waliokombolewa, watoto waliobaki peke yao, familia zilizokimbia uvamizi wa milimani. Mpala ya misioni ilijengwa na watu waliofika mikono mitupu. Na ziwa lilikuwa barabara: Karema na Mpala zilitazamana, mitumbwi ikaenda na kurudi, na pamoja na watu vikasafiri vyombo, maneno na ufundi. Mtu akirudi leo toka ng'ambo na akili mpya ya kuvua, halafu akaiunganisha na ya wale waliobaki, hafanyi jambo geni. Anafanya jambo la zamani kabisa la Mpala.

Bidoni ilitoka wapi

Bidoni yenyewe nayo ni mkimbizi wa namna yake. Ile ya kwanza ya lita 20 ilikuwa ya chuma, ikabuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya kubeba mafuta ya jeshi. Waingereza walipoiona vitani waliipenda, wakaiiga, wakaiita kwa jina lao la utani la Wajerumani, ndipo likatoka neno «jerikeni» ambalo ndugu zetu wa Tanzania na Zambia wanalitumia. Sisi huku, kwa sababu ya Kifaransa, tunasema bidoni. Baada ya vita plastiki ikachukua nafasi ya chuma, lakini kipimo cha lita 20 kikabaki.

Basi chombo cha vita kikawa chombo cha maji. Vita vya 1996 na vya 1998 vilipowatoa watu wetu makwao, wengine walivuka kwenda Tanzania, kwenye kambi za Nyarugusu na Lugufu, mkoa wa Kigoma. Wengine walikwenda Zambia, Mwange na Kala. Na baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe katika jimbo letu la Tanganyika vilipowaka, hasa 2016 na 2017, wengine tena walikimbilia Kalemie mjini, na wengine Zambia, ambako kambi ya Mantapala ilifunguliwa. Katika kambi zote hizo, mali ya kwanza ya familia ilikuwa bidoni. Foleni ya maji ilipimwa kwa bidoni. Aliyekuwa na mbili alionekana tajiri.

Fikirini sasa mvuvi wa Mpala amekaa kambini. Kambi iko mbali na ufuko. Tanzania, mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 toka kambini bila kibali. Mtu aliyezaliwa kwenye mtumbwi akakaa miaka kumi, na wengine zaidi, bila kugusa ziwa. Watoto wake wakakua wakijua foleni ya maji vizuri kuliko kasia. Hiyo ni hasara ambayo haiandikwi katika fomu za msaada: fomu inauliza umepoteza nyumba ngapi na mbuzi wangapi, haiulizi umepoteza misimu mingapi ya kumfundisha mtoto wapi kuhe anataga.

Toka 2005 safari za kurudi kwa hiari zilianza kuvuka ziwa toka Kigoma, na toka 2007 meli zikaleta watu toka Mpulungu, Zambia, mpaka Moba. Watu walishuka na mfuko wa vitu vya kuanzia maisha: turubai, blanketi, sufuria, chandarua, na ile bidoni.

Chandarua na bidoni: vitu viwili vya mfuko mmoja

Hapa ndipo historia inakuwa swali la leo. Mtu aliyerudi alikuwa na vitu viwili ambavyo vinaweza kwenda ziwani: chandarua na bidoni.

Chandarua kilikwenda kwanza, na tunaelewa sababu. Njaa haingoji. Watu wawili wanakishika ncha, wanakokota kando ya ufuko, kinatoka na kila kitu: watoto wa ndagala, watoto wa kuhe, samaki wa mawe wadogo kama ukucha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya vijiji vya kando ya ziwa hili ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya familia zilizoulizwa zilitumia vyandarua kuvulia. Hasara inakuja mara mbili: mtoto analala bila kinga ya malaria, na ziwa linapoteza samaki kabla hajapata hata nafasi ya kutaga mara moja.

Kumbukeni lile jambo la ngozi nyembamba ya juu. Ziwa hili lina samaki wa ukoo wa tilapia aina kama 250, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Wengi wao hawasafiri. Wa jiwe hili si wa jiwe lile. Ukimaliza wa ufuko mmoja, hawaji wengine toka Kigoma kuziba pengo.

Bidoni inafanya kazi kwa njia nyingine. Inakulazimisha uhesabu. Haina nafasi ya samaki elfu, ina nafasi ya kumi na tano, ishirini. Mvuvi wa ndoano anachukua wadogo wachache, anawatunza, anawabadilisha kwa samaki mmoja mmoja mkubwa. Sangala mmoja wa kilo kadhaa ni chakula cha nyumbani na kitu cha kuuza. Na katika ile wiki ya mbalamwezi, wakati taa hazivuti ndagala na mitumbwi mikubwa inakaa ufukweni, mwenye ndoano bado anaweza kutoka.

Hatusemi ndoano itashinda nyavu kwa wingi. Haitashinda. Mwenye mshipi anarudi na samaki wachache, na siku nyingine bila kitu. Lakini hana deni la nyavu, na mtumbwi mdogo wa kasia unamtosha. Kwa mtu anayeanza upya, kukosa deni ni nusu ya utajiri.

Namna ya kuitengeneza

Tunaandika hatua kama tunavyozionyesha ufukweni, ili kila tawi la chama liweze kuzifuata.

Kwanza, chagua bidoni iliyobeba maji au mafuta ya kula. Ile iliyobeba petroli, mazuti au dawa ya shamba, hapana hata kidogo. Harufu inabaki ndani ya plastiki, inaua chambo, na mkono ulioshika chambo ndio unaokwenda kula bukari. Osha kwa majivu au mchanga na maji mengi. Sabuni usitumie, maana inaondoa ute wa ngozi ya samaki.

Pili, laza bidoni kwa ubavu, kama itakavyoelea. Upande wa juu kata mlango wa upana wa mkono, pande tatu tu. Upande wa nne uache uwe bawaba. Funga mlango kwa kipande cha mpira wa ndani ya tairi ya baiskeli, ufunguke kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili uko kwenye mshipi.

Tatu, pasha msumari moto, toboa matundu ya upana wa kama milimita 5 kwenye mbavu na chini, umbali wa vidole viwili kati ya tundu na tundu. Tundu liwe dogo kuliko kichwa cha chambo. Toboa mbele na nyuma pia ili maji yapite wakati mtumbwi unatembea. Sehemu ya juu, karibu na mlango, usitoboe.

Nne, kazi ambayo wengi wanairuka: ingiza mkono, lainisha ndani. Msumari wa moto unaacha meno ya plastiki yenye makali. Samaki akikwaruzwa anapoteza magamba, kidonda kinaoza, na kesho amekufa. Kwangua kwa kisu, halafu sugua kwa mchanga.

Tano, ongeza vya kuelea. Bidoni iliyotobolewa inajaa maji na kuzama polepole. Funga chupa mbili ndogo zenye kizibo, au vipande vya ndala zilizochoka, pande zote mbili karibu na mlango. Halafu funga kamba ya mita mbili au tatu nyuma ya mtumbwi.

Sasa matumizi. Maji ya moto yanashika hewa kidogo. Kwa usawa wa bahari, maji ya digrii 10 yanaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya digrii 26 kama 8 tu. Na ziwa letu liko juu zaidi ya mita 770, kwa hiyo yanashika pungufu zaidi. Tena samaki akipata joto anataka hewa zaidi. Ndiyo sababu beseni lililokaa juani ndani ya mtumbwi linaua, na bidoni iliyo ndani ya ziwa haiui. Ukipiga kasia kwa nguvu mwendo mrefu, maji yanawapiga samaki ukutani. Hapo ingiza bidoni ndani ya beseni lenye maji, funika kwa majani au kitambaa kilicholowa, badilisha maji mara kwa mara. Shika chambo kwa mkono uliolowa, usiwe mkavu. Na kila ukifungua mlango, toa aliyekufa. Methali inasema samaki mmoja akioza, wote wameoza, na ndani ya bidoni methali ile ni sayansi kamili: maiti inakula hewa ya walio hai.

Chambo gani? Ndagala hapana. Ni laini mno, akiguswa magamba yanatoka, anakufa mara moja. Huyo mtumie akiwa amekufa. Samaki wadogo wa mawe wanakaa vizuri. Watoto wa kambale toka vijito na madimbwi ndio wagumu kuliko wote.

Na kuwapata, usichukue chandarua. Chukua chupa ya maji ya plastiki, kata kichwa, kigeuze, kiingize ndani mdomo ukitazama chini, toboa matundu madogo ya maji, weka tonge la bukari, funga jiwe, zamisha kando ya mawe. Mtatambua wenyewe kitu gani hicho: ni mgono. Watoto wanautengeneza kwa dakika kumi. Ukiutoa, chagua wa kukutosha, wengine rudisha pale pale.

Jambo la mwisho: chambo kilichobaki jioni usikimwage popote. Kirudishe mahali kilipotoka, au kile. Kuhamisha samaki toka ufuko mmoja hadi mwingine, na zaidi kuleta samaki wa bwawa toka nje, ni kuchanganya kitu ambacho ziwa lilikitenganisha kwa miaka mingi sana.

Chama kifanye nini

Serikali za nchi nne za ziwa zinazidi kukaza sheria. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi wa Ziwa Tanganyika toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaa. Wanachama wanaovuka kwenda ng'ambo walijionea. Kila mwanachama aulize huduma ya uvuvi ya Kalemie au Moba juu ya sheria za hapa kabla ya kutoka, kwa sababu mwenye ndoano naye ni mvuvi, sheria inamgusa kama wengine. Ila ufukwe unaojilinda wenyewe unakuwa na la kusema mbele ya wakubwa. Ufukwe unaokokota vyandarua hauna.

Kwa wanachama, tunapendekeza mambo matatu. Kila tawi litengeneze bidoni mbili za mfano na kuziweka kwa mtu anayejulikana, ili yeyote aje kutazama na kuiga. Wazee wanaojua kusuka mgono wapewe siku ya kuwafundisha vijana, hasa waliozaliwa kambini. Ufundi ule uko mikononi mwa watu wachache, na mikono ile inazeeka. Na tukubaliane, kijiji kwa kijiji, sehemu za mawe ambazo hakuna mtu atachukua chambo, hata kwa chupa.

Kwa wafadhili, tunasema wazi. Asanteni kwa nyavu. Lakini nyavu ya macho madogo inayochanika baada ya msimu inamwacha mtu na njaa ile ile na ufuko mtupu. Mkitaka kumsimamisha mtu aliyerudi, leteni ndoano za saizi mbalimbali, mishipi imara, na nauli ya mwalimu wa kutembea toka kijiji hadi kijiji. Bidoni msilete. Bidoni tuko nazo. Tulizibeba wenyewe, kwenda na kurudi.

Na chandarua mkiendelea kuleta, tutafurahi, lakini kije na mtu wa kueleza na misumari ya kukitundika juu ya kitanda. Mtoto alale chini yake, na samaki wadogo waachwe mawe yao. Mwakani, wale watakaokuwa wamekua ndio watakaovuta mshipi.

Tunawasalimu wote, wa Mpala, wa Moba, wa Kalemie, na wale ambao bado wako ng'ambo wanangoja zamu yao ya kurudi.